Kuvu inayopanda hadi ubongoni

Mtu akisema "kichwa chaniwanga" hapa Lamu hupewa panadoli, na aghalabu inatosha. Lakini kichwa kinachowanga wiki mbili tatu, kikafuatana na homa, kutapika na kuona vitu viwili viwili, hicho si cha panadoli. Na kama mwenyewe anaishi na virusi vya Ukimwi, sisi wa maabara hufikiria kuvu mapema.

Kuvu ya ngozi twaijua, ile ya mashilingi kwenye vichwa vya watoto wa chuo. Hii ni nyingine, jina lake kriptokokasi. Hukaa kwenye kinyesi cha njiwa, udongoni na kwenye miti inayooza. Huvutwa pamoja na vumbi, afuga njiwa au hafugi, na mwenye kinga nzima huidhibiti bila kujua. Haiambukizi kwa kula sinia moja, kwa hivyo mgonjwa msimtenge.

Ubongo una ngome: mishipa yake ya damu imebanana kuta hata vijidudu vingi havipenyi. Kuvu hii ina hila. Seli ya kinga huimeza ili iiue, yenyewe ikaishi mle mle tumboni mwa askari, na askari akaivusha ukuta. Ndani kuna walinzi wakaazi, maikroglia, lakini hawa hupata nguvu kwa ishara za seli za CD4, zile seli za damu zinazoongoza kinga na ambazo virusi vya Ukimwi huziua. CD4 zikishuka chini ya 100 kwa kila mikrolita ya damu, ishara hizo hufifia. Isitoshe, kuvu imejivika joho la sukari telezi, haishikiki. Mabaki ya joho hilo pamoja na kuvu wenyewe huziba njia ya maji ya ubongo, shinikizo likapanda, na macho yakaanza kufifia.

Sasa ile sindano ya mgongo, ambayo jamaa za wagonjwa huikataa: "Atapooza." Jamani, sindano huingia kiunoni, chini ya pale uti wa neva unapoishia. Maji yanayochotwa, ni yale yale ya ubongo, hutuonyesha kuvu, na kule kuyachota ni tiba: shinikizo hushuka na kichwa kikapoa. Huenda akachomwa tena kesho na kesho kutwa. Kinachopofusha ni shinikizo lililoachwa.

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani hupendekeza dawa tatu za kuua kuvu: dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, kisha flukonazoli kwa miezi mingi. Ambaye hajaanza ARV, dawa za virusi vya Ukimwi, hungojeshwa wiki 4 hadi 6 tangu aanze tiba ya kuvu. Jamaa huona kama twamnyima dawa, kumbe kinga ikiamka ghafla huvimbisha ubongo ule ule inaoutetea.

Mwenye CD4 chini ya 200 aulize kipimo cha damu cha kriptokokasi hata kama kichwa hakimwangi. Jibu hutoka kwa dakika 10, na huweza kuonyesha kuvu wiki kadhaa kabla haijafika ubongoni. Aliye Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, apimwe siku ile ile ajapo mjini kuchukua dawa zake, maana kichwa kikishaanza, safari ya boti ni ndefu.