Kupe wa punda na dawa ya ng'ombe: tumbo ndilo linaloumia

Malalamiko yanayofika afisi ya mifugo ya Lamu tangu masika ni ya namna moja: punda alikuwa na kupe, akatiwa dawa, kupe wakaanguka, punda akafa kwa tumbo. Wenyewe husema dawa ilikuwa feki. Mara nyingi ni dawa halali kabisa, ila ni ya ng'ombe.

Kupe humwambukiza punda vimelea vya Theileria equi na Babesia caballi, vinavyovunja chembe nyekundu za damu. Homa hupanda, ufizi hupauka au kuwa manjano, mavi huwa makavu. Punda hacheui. Nyasi zake humeng'enywa na bakteria wa utumbo mpana, nao huishi kwa anachokula. Akisusa chakula, hali yao huvurugika. Tena mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu na yanaweza kumuua. Punda mnene ndiye wa kuhofiwa zaidi.

Hapo ndipo mtu huleta sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, iliyobaki kwa ng'ombe wa Witu. Dawa hiyo huua na bakteria wema, na punda anaweza kuharisha hadi kufa. Mwingine humwogesha kwa amitrazi, dawa ya kuua kupe. Kwa ng'ombe, sawa. Kwa punda, hiyo husimamisha mwendo wa utumbo: mavi hujazana, tumbo hufura, mnyama hugaagaa. Lebo ipo kwenye chupa, someni. Na mafuta ya taa si dawa ya kupe, tumeshasema.

Utaratibu ni huu. Arifu afisi ya mifugo kabla ya kumpa chochote. Anayetibu lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya. Kumuuliza cheti si utovu wa adabu. Asiyesajiliwa anayetibu anavunja sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 2011, na anaweza kutozwa faini au kufungwa. Anayevusha punda kutoka Mokowe, gati la bara, kuja kisiwani sharti awe na kibali chini ya Sura ya 364, yaani Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, kinachotolewa baada ya mnyama kukaguliwa. Punda akitoka kaunti nyingine, afisi ya huku huandika kwanza kwamba haina pingamizi. Kibali cha punda mmoja hakimvushi mwingine, hata wakifanana.

Mkisubiri mtaalamu, mpeni maji, kivuli na nyasi kidogo kidogo. Mizigo ya mawe na saruji ingoje. Msimshindilie unga wa mahindi eti apate nguvu: wanga mwingi wa ghafla huwavuruga bakteria walewale.