Tarehe ya kifo na shamba la mikarafuu

Mtoto akizaliwa Pemba siku hizi, cheti chake hufuatwa mapema kwa sababu skuli inakitaka. Kifo ndicho kinachotusumbua sisi maafisa usajili wa wilaya. Maiti huzikwa siku ile ile au kesho yake asubuhi, hitima husomwa, watu hurudi makwao, na karatasi haikumbukwi mpaka yaje mambo ya mirathi au kiinua mgongo.

Sheria Namba 3 ya 2018 ilianzisha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na vizazi, vifo, ndoa, talaka na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi vikawa chini ya paa moja. Aliyefia hospitali, taarifa yake hutoka huko huko. Aliyefia nyumbani, anzieni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu. Mimi nataka majina yake matatu, umri, alipofia, siku aliyofia, na nani kaleta habari.

Hiyo siku wengi huichukulia wepesi. Chukua mzee mwenye shamba la mikarafuu upande wa Wete na watoto wawili wanaume. Mmoja akamtangulia babake, akaacha watoto. Kwa fiqhi tunayoifuata huku, wajukuu hao hawamrithi babu yao maadamu ami yao yu hai. Sasa geuza: mzee katangulia, mwanawe kafuata baada ya siku mbili. Hapo fungu la mwana lilishakuwa lake, nalo hugawiwa mjane, watoto, na mama yake kama bado yupo. Mikarafuu ile ile, watu wale wale. Kwa hiyo mtu akiniambia, "We andika tu mwezi wa Machi, mwanangu," siandiki. Kugawa ni kazi ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, lakini wao watasoma nilichoandika mimi.

Tatizo ni kwamba wazee hawakwambii Machi. Watakwambia, "Ilikuwa mfungo sita, usiku wa Ijumaa." Mfungo sita ni Rabiul Awwal, mwezi wa Kiislamu, nao hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka katika kalenda ya ofisi, basi lazima kwanza tukubaliane mwaka. Na usiku wa Ijumaa wa wazee wetu, kwenye kalenda ya ofisi, ni Alhamisi, maana siku yao huanza magharibi. Afisa asiyelijua hilo ataandika kwamba marehemu alikufa Ijumaa saa tatu usiku, na hali alizikwa Ijumaa asubuhi!

Kuna na wavuvi wetu wanaofia dago, yaani kwenye kambi za uvuvi mbali na kwao. Tukio husajiliwa lilikotokea: la Tanga ni la RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, la Mombasa ni la Wakenya. Siwezi kuandika kwamba mtu kafia Kojani, hapa hapa Pemba, ili kuwapunguzia watu nauli, hata aniombe mtu mzima mwenye heshima zake.

Mkija, leteni kitambulisho cha marehemu, jina tulinakili kama lilivyo pale. Hamad na Hamadi kwa jirani ni mtu mmoja. Benki itawaona wawili. Fomu isomeni kabla ya kutia saini, mana kurekebisha cheti kilichokwisha kutoka ni kuanza kutafuta vielelezo upya.