Mkongo wa baharini adui yake nanga, sio papa

Kila nikienda kutoa elimu swali la kwanza ni papa, eti ni kweli papa ndo wanakula mkongo wa intaneti, ule waya unaolazwa chini ya bahari? Jamani, visa vya papa vipo ila vya kuhesabu, mikongo mingi inakatwa na nanga za meli na nyavu za kukokota, na hapo mikongo inayounganisha nchi jirani ndo inaumia zaidi.

Shida ni kina cha maji. Kule kilindini, kilomita 3 au 4 kwenda chini, nanga haifiki, kwahiyo mkongo unalazwa tu juu ya sakafu na unene wake ni kama mpira wa kumwagilia bustani. Ila nchi mbili zinazotazamana mara nyingi bahari kati yao ina kina kifupi, wavuvi wamejaa, meli zinapita kutwa, so mkongo unavishwa nyaya za chuma na kufukiwa kama mita moja hivi na bado unakatwa tu. Waya wa telegrafu wa Uingereza na Ufaransa wa 1850 haukumaliza hata siku mbili, na anayelaumiwa mpaka leo ni mvuvi! Wakarudi 1851 na waya uliovishwa chuma, huo ukadumu. Novemba 2024 tena, bahari ya Baltiki ambayo wastani wa kina chake ni mita 55 tu, ukakatika mkongo wa Finland na Ujerumani na mwingine wa Lithuania na Sweden, uchunguzi ukaangukia kwenye meli iliyoshukiwa kuburuta nanga.

Mkongo kuwa mfupi kuna raha yake lakini. Mwanga unaobeba data ndani ya faiba, ule uzi wa kioo wa mkongo, unafifia njiani, so mkongo mrefu unahitaji ripita (kifaa cha kuupa mwanga nguvu tena) kila kilomita 60 mpaka 100 na umeme wa kuziendesha unatoka nchi kavu, wakati mkongo wa kilomita 200 unaweza usiwe na ripita hata moja. Ubaya ni kuwa na mmoja tu. Nchi ya visiwa ya Tonga ilitegemea ule wa kwenda Fiji, volkano ikaukata Januari 2022, wakakaa wiki tano hivi bila mkongo.

Sasa mvuvi, nanga ikinasa kitu kizito usichokijua usivute kwa nguvu, boti inaweza kupinduka. Kata kamba yako, andika jipiesi ya hapo (namba za mahali ulipo), toa taarifa. Na nanga ikiinuka na mkongo usiuguse na panga, mingine ina umeme wa maelfu ya volti na kwa macho hujui ni upi.