Kuhama kazi Marekani ukiwa na kisukari au presha: yanayosemwa na ukweli wake

Dada mmoja tunayesali naye nusura akatae kazi yenye mshahara mnono kwa sababu ya kalamu za insulini zilizo kwenye friji yake. Aliambiwa akiacha kiwanda, bima ya mwajiri mpya haitagusa kisukari alichokuja nacho. Maneno hayo yameenea kati yetu tunaoongea Kiswahili huku Marekani, na yanawafunga watu kwenye kazi zinazowavunja migongo.

"Bima mpya hailipii ugonjwa uliokuja nao."
Zamani ilikuwa hivyo, ndiyo maana waliotutangulia huku bado wanatuonya. Sheria ya HIPAA ya 1996 iliiruhusu bima ya kazini kuuweka kando ugonjwa wa awali hadi miezi 12, au 18 kwa aliyechelewa kujiandikisha. Muda huo ulipunguzwa kwa aliyekuwa na bima bila pengo la siku 63 au zaidi, na hizo siku 63 wengine wanazihesabu mpaka leo. Hazina kazi tena. Sheria iliyopitishwa 2010, ile ya Obamacare, ilifuta jambo hilo: tangu 2014 bima ya kazini haiwezi kukataa kutibu kisukari, presha, VVU au saratani kwa kuwa ulikuwa nayo kabla. Mimba hata HIPAA haikuruhusu iwekwe kando.

"Siku 90 za kusubiri ni za ugonjwa wako."
Ni za bima nzima. Mwajiri anaweza kukusubirisha, ila zisizidi 90, na siku bima inapoanza, insulini haisubirishwi zaidi ya dawa nyingine.

Kinachonitia hofu ni lile pengo kati ya bima ya zamani na mpya. Kama mwajiri wa zamani ana wafanyakazi 20 au zaidi, utaletewa barua ya COBRA ya kuendelea na bima yake. Usiitupe! Una siku 60 za kuamua, na ukikubali, bima inarudi nyuma hadi siku ilipokatika. Ni ghali kwelikweli, hadi asilimia 102 ya gharama yote, pamoja na sehemu aliyokuwa akiilipa mwajiri. Kwa hiyo angalia pia soko la bima la serikali. Nako una siku 60 tangu upoteze bima.

"Bima ni bima."
Zile za muda mfupi zinazouzwa kwa simu zinaruhusiwa kukukataa. Muuzaji akianza kukuuliza una maradhi gani, kata simu.

Kinachobadilika kweli ni orodha ya dawa, madaktari wanaokubalika, na kile kiasi unacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, ambacho kwa kawaida huanza upya. Dada yule aliomba orodha ya dawa kabla ya kutia sahihi. Insulini yake haikuwemo, ya aina nyingine ilikuwemo. Daktari alikubali kumbadilishia, naye akachukua dawa za mwezi mzima duka la dawa wiki ile bima ya zamani ilipokuwa bado hai.