DNA haitanui gamba la kirusi, hulifyatua tu

Vitabu vingi vya biolojia huchora kirusi kwa mistari sita iliyonyooka, na ndani yake uzi mmoja uliojikunja. Mchoro huo hausemi uongo, ila unaonyesha kazi ikiwa imekwisha. Mimi huchunguza gamba hilo, yaani kapsidi, likiwa bado changa, na wakati huo lina sura nyingine kabisa: ni dogo zaidi, la mviringo, kuta zake ni nene na zina mabonde, na ndani hamna DNA hata kidogo.

Nazungumzia bakteriofaji zenye mkia, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria, pamoja na ndugu zao wa mbali, virusi vya hepesi. Undugu huo hauonekani kwa kulinganisha jeni zao; unaonekana katika mkunjo wa protini ya gamba, ambao ni uleule kwa pande zote mbili. Virusi hivi hujenga gamba kwanza, kisha hulijaza. VVU haviendi hivyo: protini zao hukusanyika kuizunguka RNA, na gamba lenye umbo la pia hujengwa baadaye, kirusi kikiwa kimeshatoka kwenye seli. Hayo ni ya siku nyingine.

Ujenzi wenyewe huhitaji protini za kiunzi, ambazo hukaa ndani na kuziongoza protini za gamba zijipange kwa mpindo unaofaa. Kona moja kati ya kumi na mbili za gamba huachiwa mlango, pete ya protini yenye nakala 12. Gamba likishakamilika, kiunzi huondoka. Katika faji (kifupi cha bakteriofaji) iitwayo P22, protini za kiunzi zipatazo 300 hutoka nzimanzima na kwenda kujenga gamba jingine. Katika faji HK97, kazi ya kiunzi hufanywa na kipande cha protini ya gamba yenyewe: kimeng'enya kilichofungiwa humo ndani hukata kipande hicho, cha takriban asidi amino 100 (vijenzi vya protini), kutoka kwenye kila protini ya gamba, na masalia hutoka nje. Ndipo mota, yaani mashine ndogo ya protini, inaponasa mlangoni na kuanza kuvuta DNA ndani, ikitumia ATP, molekuli inayoipa seli nishati.

Kazi ya mota hiyo si ndogo. Jenomu ya faji lambda, yaani DNA yake yote, ina jozi za besi (vipandio vya ngazi ya DNA) 48,502, sawa na uzi wa takriban mikromita 16.5, nalo gamba lina kipenyo cha nanomita 60 hivi. Mwaka 2001 kundi la Carlos Bustamante, nchini Marekani, lilishika kwa miale ya leza DNA ya faji phi29 ikiwa inavutwa, likapima nguvu ya mota: takriban pikonyutoni 57, zaidi ya mara kumi ya ile ya mayosini, protini inayokaza misuli. Walikadiria kuwa shinikizo ndani ya gamba lililojaa hufikia megapaskali 6, yaani karibu mara 60 ya shinikizo la hewa tunayovuta.

Ukisikia takwimu hizo, kisha ukaambiwa kwamba gamba hutanuka wakati wa kujazwa, utaona jibu liko wazi: DNA imelisukuma. Hata wanafunzi wazuri hunijibu hivyo. Lakini ushahidi haukubali. Gamba la lambda hutanuka pale theluthi moja tu ya DNA ilipoingia, wakati shinikizo bado ni dogo mno. Zaidi ya hapo, magamba machanga ya HK97 yaliyotengenezwa ndani ya bakteria bila DNA wala mota hutanuka yenyewe ukiyatia kwenye myeyusho wenye asidi. Yale ya P22 hutanuka ukiyapasha moto. Nani kayasukuma?

Gamba changa ni mtego uliokwisha kutegwa. Nishati ya kubadilika umbo imo ndani ya protini zenyewe tangu zilipojipanga, na DNA inayoingia hufyatua tu. Ndiyo maana mabadiliko haya huenda upande mmoja: gamba likishatanuka halirudi lilivyokuwa.

Katika HK97 mabadiliko hayo yamechunguzwa kwa undani kuliko kwingine, na nakiri nina upendeleo kwa faji hii. Gamba lake hujengwa kwa takriban nakala 420 za protini moja, zilizojipanga kwa makundi ya sita sita na ya tano tano. Likiwa changa, makundi ya sita huwa yamepinda, upande mmoja umesogea dhidi ya mwingine. Likifyatuka, kila protini hugeuka na kulala ubavu, makundi yananyooka na kupata ulinganifu, na kipenyo kinapanda kutoka takriban nanomita 54 hadi 66. Nafasi ya ndani huwa karibu mara mbili. Ukuta nao unakuwa mwembamba mno, chini ya nanomita 2.

Ukuta mwembamba utahimilije shinikizo kubwa kiasi hicho? Kule kugeuka huisogeza asidi amino ya lisini ya protini moja hadi ikabiliane na asparajini ya protini jirani, na kifungo cha kikemia hujifunga bila msaada wa kimeng'enya chochote. Vifungo hivyo huunganisha protini kuwa pete, na kila pete imepita ndani ya pete za jirani. Picha kamili ya pete hizo ilipatikana mwaka 2000 kwa miale ya eksirei, katika kazi ya kundi la John Johnson pamoja na Roger Hendrix na Robert Duda. Binafsi sijui muundo wa protini unaonishangaza zaidi.

Lambda haina vifungo hivyo. Yenyewe hupigwa viraka: kutanuka hufichua sehemu ambazo protini nyingine, gpD, hujipachika kutoka nje. Bila gpD, DNA ndefu kama ya kawaida haikai ndani; hukaa iliyofupishwa tu. Phi29, kwa upande wake, hutanuka kidogo sana au haitanuki kabisa, kwa hiyo tusiifanye habari hii sheria ya virusi vyote.

Lakini kwa nini gamba lisijengwe kubwa na gumu tangu mwanzo? Kwa maoni yangu jibu limo kwenye makosa. Protini mamia zikijipanga zenyewe, baadhi zitakaa vibaya. Viungo vikiwa hafifu, iliyokosea hung'oka na nyingine hushika nafasi yake; vikiwa imara tangu mwanzo, kosa hubaki humo daima. Ugumu hufaa kuja baadaye.

Kwa hepesi, kinachofyatua gamba ni kimeng'enya kinachokata kiunzi, wala si DNA. Hilo linaonekana hata hospitalini. Letermovir, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kuwakinga waliopandikizwa uboho dhidi ya sitomegalovirusi, mmoja wa ukoo wa hepesi, huzuia protini zinazokata DNA ya kirusi na kuiingiza kwenye gamba. Magamba huendelea kujengwa katika kiini cha seli, ila hayapati DNA, na kirusi hakisambai.