Kutua kwa Kishindo: Pigo la Kwanza Silo Livunjalo Ndege

Wengi huamini ndege ndogo huvunjika kwa sababu ilijibwaga chini kwa nguvu mno. Mara nyingi sivyo. Magurudumu makuu mawili yameundwa kuhimili kishindo kikubwa. Balaa huanza ndege inapodunda. Rubani anaona pua imeinuka, anashtuka, anasukuma usukani mbele. Sasa gurudumu la mbele, lililo dhaifu zaidi, ndilo linalotangulia kugonga, na ndege inarushwa juu tena kwa ukali kuliko mwanzo. Akisukuma tena, anazidisha. Kufikia mdundo wa tatu au wa nne, gurudumu hilo huweza kukatika na panga linalozungushwa na injini puani likaila lami. Kuukimbiza mdundo kwa usukani ni kazi bure, kwa kuwa mkono huchelewa: ukishusha pua, ndege nayo imeshaanza kushuka yenyewe.

Dawa ni kutia injini nguvu zote, kuiweka pua katika mkao wa kupaa, kuondoka na kuzunguka upya. Inaniuma kusikia eti anayeghairi kutua ni rubani dhaifu. Dhana hiyo imewabakiza wengi kwenye mdundo ambao wangeukimbia.

Ipo nyingine inayosikika kama busara: kasi ya ziada ni usalama. Lakini akiba imo tayari, maana kasi ya kawaida ya kukaribia kutua ni takriban mara 1.3 ya ile ambayo mbawa hushindwa kuibeba ndege. Ongeza asilimia 10, na nguvu ya mwendo inayopaswa kumalizwa hupanda kwa asilimia 21. Ndege itaelea, njia ya kutulia itayoyoma, na rubani atashawishika kuilazimisha ishuke. Upepo wa dharuba ndio unaostahili nyongeza, nayo kwa desturi ni nusu tu ya tofauti kati ya dharuba na upepo wa kawaida.

Kinyume chake pia kipo: kuinua pua mapema, ndege ingali juu, ikaishiwa kasi na kudondoka kama jiwe.

Na ndege iliyojikokota hadi maegesho si lazima iwe nzima. Ukuta unaotenga injini na chumba cha rubani huweza kujikunja bila kuonekana kwa nje. Panga likigusa ardhi, hata kama injini ingali inanguruma vizuri, ni lazima ifunguliwe na kukaguliwa ndani. Mwite fundi kabla hujaruka tena, na umweleze ukweli wote wa kishindo kile.