Usiku wa Mwezi Mpevu Si Usiku wa Kutazama Nyota

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa tano wa aina moja tangu mwaka huu uanze. Familia moja ya Dar es Salaam imepata likizo, imelipia malazi ya siku nne upande wa magharibi wa Kilimanjaro, na inaniomba niiongoze kutazama nyota. Baba wa familia aliongeza kwa furaha kwamba tarehe hizo hawakuzichagua ovyo, bali walihakikisha kwamba usiku wa kwanza mwezi utakuwa mpevu ili waione anga vizuri. Fedha za malazi hazirudishwi.

Ninaongoza watu kutazama anga la usiku kutokea Moshi, na nakiri kwamba ujumbe huo uliniudhi. Hakuniudhi yule baba, ambaye alipanga safari kwa upendo wa watoto wake, bali wale waliomshauri. Mwezi mpevu ndio usiku mbaya kuliko wote wa kutazama nyota. Nuru yake ni nuru ya jua iliyoakisiwa, na hewa huitawanya kama inavyoitawanya nuru ya jua mchana, hivyo anga lenyewe hung'aa na nyota hafifu humezwa. Katika mahali penye giza, usiku usio na mwezi, jicho zima huona nyota zaidi ya elfu mbili kwa wakati mmoja. Chini ya mwezi mpevu utabaki na mia chache, na Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa nyota unaokatiza anga, ambao ndio watu wengi husafiri kuja kuuona, hutoweka kabisa. Mtu huendesha gari kutwa nzima kuzikimbia taa za Arusha, kisha jioni akaikuta taa kubwa kuliko zote ikipanda mbele yake, na hiyo hakuna mlinzi wa kumwomba aizime.

Najua imani hii inakotoka. Hapa kwetu wapandaji mlima hushauriwa kupanga safari ili usiku wa kilele uangukie mwezi mpevu, na ushauri huo ni sahihi kabisa, kwa kuwa wanaondoka kambini karibu na saa sita usiku na mbalamwezi inawaonyesha njia na theluji ya Kibo. Ushauri wa miguu umegeuzwa kuwa ushauri wa macho. Watu hao hao huamini kwamba kileleni, mita 5,895, wamezisogelea nyota. Mfumo wa nyota ulio karibu nasi kuliko yote baada ya Jua, Alfa Centauri, uko umbali wa zaidi ya miaka minne ya nuru, yaani nuru yake husafiri zaidi ya miaka minne hadi kutufikia. Mlima haupunguzi kitu hapo. Ni kweli kwamba hewa ya juu ni nyembamba na safi, lakini jicho linaloona gizani huhitaji oksijeni nyingi, na uwezo wake huanza kupungua chini sana ya kilele. Kwa hiyo sithubutu kumwahidi mtu kwamba kileleni ataona nyota nyingi kuliko atakazoziona akiwa ameketi kando ya Ziwa Natron, lililo kwenye mita 600 hivi tu.

Ninapoeleza haya, wengi hunijibu haraka: “Basi tutakuja siku tano kabla ya mwezi mpevu.” Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu siku tano kabla na siku tano baada ya mwezi mpevu si kitu kimoja, ingawa ukiutazama mwezi wenyewe unaonekana kuwa na ukubwa uleule. Mwezi huchelewa kuchomoza na kuzama kwa takribani dakika hamsini kila siku. Usiku wa mwezi mpevu huchomoza jua linapozama na hukaa angani hadi alfajiri. Siku tano kabla ya hapo, jua likizama mwezi tayari uko juu, na hautazama hadi baada ya saa sita usiku. Jioni yako yote imekwenda na watoto wamelala. Siku tano baada yake, mwezi hauchomozi hadi karibu na saa tano usiku, nawe umepata saa nzuri za giza mara tu baada ya chakula. Anayepanga likizo kwa kuangalia tu picha ya duara la mwezi kwenye kalenda, bila kuuliza unachomoza saa ngapi, amepanga nusu ya jambo.

Kalenda nzuri kuliko zote kwa kazi hii tayari ipo katika nyumba nyingi za Arusha na Moshi: kalenda ya Hijria. Mwezi mpevu huwa usiku wa kumi na nne au wa kumi na tano. Anayetaka jioni za giza na atafute kuanzia usiku wa ishirini hadi usiku wa tatu wa mwezi unaofuata, mwezi mwandamo unapokuwa umeandama na kuzama mapema. Waliokesha kumi la mwisho la Ramadhani wanajua bila kufundishwa jinsi anga la jioni linavyokuwa jeusi siku hizo. Angalizo ni moja: katika hesabu hiyo usiku hutangulia mchana, hivyo usiku wa ishirini ni jioni ya tarehe kumi na tisa inapokwisha. Nimewahi kuona kundi zima likikosea kwa siku moja kwa sababu hiyo.

Nusu mwezi, hata hivyo, si adui mkubwa hivyo. Nuru yake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nuru ya mwezi mpevu, wala si nusu yake kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa jua huimulika kutoka ubavuni na mabonde na milima yake hujaa vivuli. Vivuli hivyo ndivyo vinavyofanya mwezi uvutie katika darubini. Mwezi mpevu ukiuweka kwenye darubini unaonekana bapa na mweupe, vivuli vyote vimekwisha. Na hapa nina shaka ambayo sijaimaliza. Zamani nilikataa kabisa kuongoza ziara yenye mwezi angani. Sasa nimeona watoto wengi ambao Njia Nyeupe haikuwagusa, lakini walipoona kreta, yaani mashimo ya duara, za nusu mwezi walikataa kuondoka kwenye darubini. Huenda familia inayokuja kwa mara ya kwanza inafaa ije usiku wa tano au wa sita wa mwezi wa Hijria, ione kwanza mwezi, kisha ingoje uzame. Bado sijaamua.

Majira nayo yana mtego wake. Vitabu vya utalii husema Juni hadi Oktoba ni kiangazi, na mtu akakimbilia Moshi mwezi wa Julai kwa sababu kitovu cha Njia Nyeupe wakati huo kiko juu kabisa jioni. Kweli kiko juu, lakini ni kipupwe: upepo wa kusi unasukuma hewa yenye unyevu kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro na Meru, na Moshi, Machame na Marangu hufunikwa na wingu siku nyingi mfululizo. Zunguka nyuma ya mlima, kaskazini-magharibi, na mara nyingi anga hufunguka. Sitakuficha kwamba programu za hali ya hewa za simu hazinisaidii sana hapa, kwa sababu hukadiria kwa vipande vya nchi vyenye upana wa kilomita kadhaa, ilhali mlima hujitengenezea mawingu yake wenyewe. Nimeshawahi kuwarudisha wageni bila kuona hata nyota moja, baada ya kuambiwa na simu kwamba anga ni safi.

Januari na Februari mawingu hayasumbui hivyo, na kundi la nyota la Jabari hupita karibu na utosi, na pia huonekana Kilimia, kishada cha nyota ambacho wakulima wetu walikitumia kuhesabu majira: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Aprili na Mei unaweza kuona makundi ya nyota ya Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa kwa wakati mmoja, jambo ambalo watu wa Ulaya hawalioni kwao, ila ni masika. Kuhusu mahali nitasema machache: Natron na Eyasi ni kukavu na kuna giza, ukingo wa Ngorongoro una giza pia, lakini uko zaidi ya mita 2,000 na ukungu huupenda. Ndani ya hifadhi za taifa huwezi kuzunguka na gari usiku upendavyo, kwa hiyo utatazama nyota hapo hapo kambini, na swali la kwanza la kumuuliza meneja kabla ya kulipa ni kama atakubali kuzima taa za nje. Jicho huhitaji dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza, na tochi moja nyeupe ya simu huharibu kazi hiyo yote mara moja. Funga tochi yako kwa kitambaa chekundu.

Familia ile haikuweza kubadili tarehe, kwa hiyo nilimwandikia baba hivi. Usiku wa kwanza na wa pili tutatazama Zohali na Mshtarii kama zitakuwa angani, kwa kuwa sayari haziharibiwi na mbalamwezi. Usiku wa nne mwezi utachomoza baada ya kupita muda wa saa mbili na nusu hivi tangu jua kuzama. Giza kamili huku kwetu huingia kati ya saa moja na nusu na saa mbili, hivyo tutapata saa moja na kidogo, na kwa kuwa Kibo utakuwa upande wetu wa mashariki, mlima unaweza kuuzuia mwezi kwa dakika kadhaa za ziada. Watoto walale mchana, chakula kiliwe mapema, na taa zizimwe kabla ya saa moja na nusu. Jana amenijibu kwamba ameomba kazini siku mbili zaidi, na anauliza usiku wa sita mwezi utachomoza saa ngapi. Nimemwambia: karibu na saa tano.